Uso wa Kigori: Mafunzo Niliyopata

Binti yangu ana miaka 11. Alipokuwa mchanga alisumbuliwa na pumu ya ngozi kwenye makunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Ikatulia alipokuwa chekechea, na alipoingia darasa la tano ikarudi kwa sura nyingine: mashavu makavu yanayowasha, weusi kuzunguka midomo, na juu ya hayo vipele vidogo vya kipaji ambavyo watoto wa umri wake huanza kuvipata. Tunaishi Kigamboni, kwenye joto, upepo wa bahari na maji ya kisima. Nayaandika haya kwa ajili ya mzazi mwenye kigori kama wangu, ambaye kila anayemwona mwanawe ana dawa ya kumshauri.

1. Kinachobana kinaumiza

Daktari wa ngozi hakuanza na dawa. Alimgeukia binti yangu akamuuliza, "Mwanangu, ukishanawa, uso unausikiaje?" Akajibu, "Unabana. Nikicheka unauma." Daktari akaweka kalamu chini, akaniambia kwamba hapo ndipo pa kuanzia.

Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo. pH yake inakaribia 5. Sabuni za kipande, kuanzia ya mche hadi zile za kuua vijidudu, huwa na pH ya 9 au 10. Zinaondoa jasho na vumbi, na pamoja nayo zinaondoa mafuta ya asili yanayoishikilia ngozi. Mtoto mwenye ngozi ngumu anayarudisha mafuta hayo baada ya saa chache na hakuna anayejua kilichotokea. Mwenye ngozi nyeti anabaki wazi hadi kesho yake, kisha anaoshwa tena.

Utaratibu tuliopewa ni mdogo mno, hata nilidhani umeachwa njiani. Asubuhi ananawa kwa maji matupu. Jioni anatumia losheni ya kuoshea uso isiyo na harufu na isiyo na povu jingi, kidogo tu, kwa ncha za vidole vilivyokwisha kuoshwa. Maji yawe vuguvugu au ya kawaida, yasiwe ya moto. Dodoki halifiki usoni. Taulo ni lake peke yake, na analigusisha tu usoni bila kusugua.

Kuhusu maji: kisima chetu kina chumvi na chokaa. Chokaa ikikutana na sabuni ya kawaida inatengeneza utando, ule mweupe unaobaki kwenye beseni ukishafua, na utando huohuo hubaki mashavuni. Losheni isiyo sabuni haiufanyi. Msimu wa masika tunakinga maji ya mvua kwenye ndoo safi yenye kifuniko na anayatumia kujisuuza mwisho. Tofauti aliisema yeye mwenyewe kabla sijamuuliza.

2. Mafuta yapakwe uso ungali na unyevu

Tabaka la juu la ngozi ni seli zilizolaliana kama makuti ya paa, na baina yake kuna mafuta yanayozuia maji ya mwili yasitoke na vitu vya nje visiingie. Kwa mwenye pumu ya ngozi, paa hilo lina mianya. Ndiyo maana uso wake unakauka hata mvua ikinyesha, na ndiyo maana manukato ambayo wengine hawayasikii yeye yanamchoma.

Mafuta mgando hayaongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuyafungia yaliyopo. Ukiyapaka kwenye uso mkavu unaufungia ukavu wake. Kwa hiyo anajigusisha taulo, na kabla uso haujakauka kabisa anachukua kiasi cha punje moja ya mbaazi, anakipasha kati ya viganja, na kukibandika mashavuni, pembeni mwa pua na kuzunguka midomo. Yawe mafuta mgando ya kawaida, yasiyo na rangi wala harufu. Kopo lenye picha ya mtoto mchanga linalonukia waridi halifai hapa, hata kama limeandikwa ni la watoto.

Kipajini, penye vipele, anapaka losheni nyepesi yenye glisarini. Wakati wa kaskazi, joto likiwa kali, anapunguza mafuta mchana na kuyaongeza usiku. Akitoka kucheza anajisuuza kwa maji tu, kwa sababu jasho likikaukia usoni linaacha chumvi, na chumvi inawasha.

3. Vipele vya umri huu havitokani na uchafu

Hili ningependa walimu wa zamu nao walisikie. Tezi zilizo juu ya figo huanza kutoa homoni zake mtoto akiwa na miaka 6 hadi 8, muda mrefu kabla ya hedhi ya kwanza au sauti kuvunjika. Homoni hizo huamsha tezi za mafuta za ngozi, na vitundu vya kipaji na pua huanza kuziba. Chunusi katika miaka 9 au 10 ni jambo la kawaida kabisa. Hata kile kichwa cheusi kinachoonekana puani si uchafu. Ni mafuta na rangi ya ngozi iliyokutana na hewa, na kukisugua kwa mswaki au kwa chumvi hakukiondoi.

Kwa ngozi zetu nyeusi, tatizo kubwa kuliko kipele ni alama yake. Kipele kinaweza kwisha kwa wiki moja, na doa jeusi likabaki kwa miezi. Kila kinachobanwa, kinachosuguliwa au kuchomwa na kemikali huacha doa lililokolea zaidi. Binti yangu nilimweleza hivyo hivyo, kwa maneno ya mtu mzima, na mkono wake ukapungua kwenda kipajini.

Na mtazame nywele kabla ya kuilaumu ngozi. Mafuta mazito ya nywele huteremka kipajini kwa joto na kuziba vitundu. Madaktari wa Marekani waliiandika chunusi ya namna hiyo tangu 1970. Sasa akisukwa, mafuta yanaishia kwenye mistari ya kichwa na hayafiki ukingoni mwa nywele. Foronya na mtandio wa shule vinafuliwa kwa sabuni isiyo na harufu kali na kusuuzwa mara mbili.

4. Doa jeupe lisitibiwe kwa kukisia

Msimu wa kiangazi yalimtokea mashavuni madoa ya rangi iliyofifia, yenye unga mwembamba juu yake. Bibi yake alisema ni minyoo. Jirani akasema ni mashilingi. Mwingine akatuonya kwamba rangi ya mtoto inaondoka.

Daktari aliyaangalia kwa taa na kunifundisha kutofautisha. Mashilingi huwa na ukingo ulioinuka unaozunguka doa, na katikati hupona wakati pembeni kunasambaa. Ugonjwa wa kupoteza rangi huacha weupe mtupu wenye mpaka unaoonekana wazi. Ya binti yangu yalikuwa yamefifia tu, mipaka yake haijulikani inaanzia wapi. Ni madoa ya ukavu, ndugu wa pumu ya ngozi, yanayowapata sana watoto kabla na wakati wa balehe. Hayaambukizi wala hayatokani na minyoo. Hujitokeza zaidi jua linapoitia giza ngozi inayoyazunguka, na huchukua miezi kuisha, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Tiba yake ilikuwa ni ile ile ya fundisho la pili, pamoja na kivuli na uvumilivu.

5. Soma maandishi madogo

Kariakoo, kwenye duka la vipodozi, muuzaji alinikabidhi tyubu ndogo. "Hii inatakatisha, dada. Hata watoto wanapaka." Nikaigeuza. Ubavuni, kwa herufi ndogo kuliko mchele, palikuwa na neno clobetasol, asilimia 0.05. Hiyo ni miongoni mwa dawa kali kuliko zote za jamii ya steroidi zinazopakwa kwenye ngozi. Ina kazi yake hospitalini. Usoni kwa mtoto, bila daktari, siku za kwanza mwasho unakwisha na uso unang'aa. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, vipele vinatapakaa kuzunguka mdomo, na ukiacha kupaka uso unawaka kuliko mwanzo. Kama tatizo lilikuwa mashilingi, dawa hiyo inayaficha huku yakienea.

Yapo maneno manne niliyoyaandika kwenye karatasi iliyo ndani ya pochi yangu: clobetasol, betamethasone, hydroquinone, mercury. La mwisho ni zebaki, na linaweza kujificha kwa jina la calomel. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na kudhuru figo na mishipa ya fahamu. Mtoto anaweza kuipata bila kupaka chochote, kupitia shavu la mama anayetumia mkorogo, au taulo na mto wanaochangia. Kwa hiyo ulinzi wa uso wa mtoto unaanzia kwenye kabati la mama na dada zake. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuondoa vipodozi vyote vyenye zebaki ifikapo 2025. Hapa Tanzania usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019. Pamoja na hayo bado vinauzwa, na mwenye kusoma ni wewe.

Naongeza hili kwa sababu hofu nayo ina madhara. Binti yangu alipopata mlipuko mkali, daktari alimwandikia haidrokotisoni ya asilimia 1, steroidi dhaifu, kwa siku chache zilizohesabiwa, naye akalala usiku bila kujikuna. Dawa hiyo hiyo nimewaona wazazi wakiikataa kwa kusikia jina tu, mtoto akabaki anajichana hadi vidonda.

6. Limau libaki jikoni

Vivyo hivyo dawa ya meno, magadi na siki visipakwe usoni. Limau likikaa kwenye ngozi kisha likapigwa na jua linaweza kuunguza hadi malengelenge na kuacha weusi wa miezi. Liwa nimeilea nayo ngozi yangu mwenyewe na ninaiheshimu, lakini nyingi ya sokoni imechanganywa na marashi. Uso unaowasha haupakwi liwa. Usubiri upone, kisha ijaribiwe kidogo upande wa ndani wa mkono kwa siku kadhaa. Jaribio hilo nalitaka kwa kila kitu kipya, na kiingie kimoja kimoja, ili kikiwasha tujue ni kipi.

7. Video za simu zijibiwe kwa maelezo

"Mama, nataka seramu," aliniambia, na kunionyesha msichana wa nchi ya mbali, umri wake, mbele ya kioo chenye chupa zisizopungua kumi. Tulikaa tukasoma pamoja. Retinoli imetengenezwa kupunguza makunyanzi na kuharakisha ngozi kujibadilisha. Mtoto wa miaka 11 ngozi yake inajibadilisha yenyewe vizuri. Asidi za kubabua uso hupunguza tabaka lile lile ambalo kwake ndilo lenye upungufu. Nikamwambia kwamba Sweden, mwaka 2024, mtandao mmoja mkubwa wa maduka ya dawa uliacha kuwauzia bidhaa za namna hiyo walio chini ya miaka 15 bila idhini ya mzazi. Hilo lilimgusa: kumbe hata wenye chupa hizo wanakatazwa.

Alichotaka hasa ni kuwa na vitu vyake. Sasa ana kikapu chake, losheni mbili na kopo moja, na anaandika kalenda ya siku uso ulipowasha na alichokula, alichovaa au alikocheza siku hiyo. Kalenda hiyo ndiyo iliyotuonyesha kwamba maji ya bwawa la kuogelea la shuleni yalikuwa yanamchokoza. Sasa hupaka mafuta mgando kabla ya kuingia na kujisuuza mara anapotoka.

8. Kofia kwanza, krimu baadaye

Kofia pana na kivuli vinafanya kazi kubwa kwa gharama ndogo. Krimu ya jua tunayotumia ina oksidi ya zinki, SPF 30, kwa sababu zinki haichomi ngozi nyeti. Huacha weupe kidogo kwenye ngozi nyeusi. Ukiipaka kwa tabaka mbili nyembamba unapungua.

9. Yalinde masikio yake

Harusini, ndugu mmoja mtu mzima alimshika kidevu mbele za watu: "Mbona mwanao amechafuka uso hivi, humwogeshi?" Mtoto akavuta mtandio hadi kwenye nyusi na hakucheza ngoma tena usiku ule. Nilimjibu kwa heshima, "Shikamoo shangazi. Uso wake una daktari wake. Tumuulize habari za masomo, ana mengi ya kusimulia." Nimelirudia jibu hilo kwa ndugu wengi, na nitalirudia. Katika umri huu maneno ya watu wazima hukaa muda mrefu kuliko doa lolote.

10. Kuna siku ya kwenda hospitali bila kungoja

Ngozi ikitoa majimaji, ikafanya magamba ya rangi ya asali, ikavimba karibu na jicho, ikaambatana na homa, au mtoto akikosa usingizi kwa mwasho, nenda. Malengelenge madogo mengi yanayouma, yaliyojikusanya ghafla kwa mwenye pumu ya ngozi, yaonwe siku hiyo hiyo. Aliye mbali na daktari bingwa aulizie ofisa tabibu wa ngozi; kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho katika hospitali ya KCMC, Moshi, kilichofunguliwa 1992, kimewafundisha wengi, na wanafanya kazi katika hospitali za mikoa. Beba kwenye mfuko kila kinachogusa uso wa mtoto: sabuni, losheni, mafuta ya nywele, tyubu ya jirani, hata kile ulichokipaka mara moja tu. Mwache mtoto aeleze mwenyewe panapowasha na wakati gani. Na kabla hamjatoka, uliza kila dawa inapakwa wapi, kiasi gani, na inaachwa siku ya ngapi.