Duara lenye feni lakini halina hewa
Mhandisi wa hewa migodini anajibu maswali ya wachimbaji wadogo wa Masumbwe

Mhandisi, tunasikia habari za handaki la upepo. Ni nini, na sisi linatuhusu?

Ni njia iliyofungwa ambamo feni hupitisha hewa ili ipimwe inavyoligusa bawa, gari au jengo. Ndugu wawili Wright walitengeneza lao Dayton, Marekani, mwaka 1901, wakajaribu maumbo ya mabawa yapatayo 200. Wapimaji hubandika nyuzi fupi kwenye bawa: uzi ukitulia, hewa inateleza vizuri, ukirukaruka, imevurugika. Linawahusu, maana duara, yaani shimo la kuchimbia, lenye feni na bomba linafuata kanuni zilezile. Migodi mikubwa ya chini kama Bulyanhulu haiwezi kufanya kazi bila kuzizingatia.

Feni yetu iko juu na mpira unafika chini, lakini moshi wa baruti hautoki. Tununue feni kubwa?

Msikimbilie dukani. Ukaguzi uanzie kwenye mpira. Hewa husuguana na kuta zake, na wembamba ndio adui mkubwa: kwa hewa ileile, bomba la nusu ya kipenyo hudai msukumo mara 32 hivi. Na mkitaka hewa mara mbili kwenye bomba hilohilo, feni itahitaji nguvu mara nane. Hayo ni mafuta ya jenereta, na bei yake mnaijua. Nyoosheni mikunjo, zibeni matundu, wekeni bomba pana zaidi. Mdomo wake usogezwe kila mnapochimba mbele, kwani hewa ikishatoka hutawanyika upesi. Na mdomo wa duara usifunikwe turubai wakati watu wako chini. Hewa chafu itoke wapi?

Tutajuaje kuwa hewa imefika?

Ning'inizeni uzi mwepesi mbele ya bomba. Ila uzi unaonyesha mwendo tu, haujui sumu. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na kibatari kitaendelea kuwaka mtu akianguka. Kipimo cha gesi ni cha lazima. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi; ikishuka chini ya 19.5, hakuna kushuka.

Jenereta ikae wapi?

Mbali na feni, upande ule upepo unakoelekea. Ekzosi ikiwa karibu, feni itanyonya moshi na kuwapelekea wenzenu. Pampu ya petroli isishushwe duarani kabisa, hata kwa dakika chache.