Neno pesa limetoka wapi?

Simama dakika tano karibu na kibanda cha wakala wa M-Pesa mtaani West Indies, hapa Eldoret, usikilize. "Nataka kutoa pesa." "Pesa imeingia?" "Mbona hii pesa imepungua?" Neno lenyewe silabi mbili tu. Ukiuliza limetoka wapi, hakosi mjuaji wa kukuambia ni peso ya Wahispania.

Usimkubalie haraka. Anayefuatilia asili ya neno asianze na sauti, kwani sauti hudanganya. Aulize kwanza: kitu chenyewe kililetwa na nani, na kilipita njia gani? Peso maana yake uzito, nayo ilikuwa sarafu kubwa ya fedha. Pesa ya pwani yetu ilikuwa kisarafu cha shaba, kilichozoeleka katika biashara na Wahindi. Mwaka 1882 Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa za kwake, zenye jina lake kwa hati za Kiarabu upande mmoja na picha ya mizani upande wa pili. (Mjuaji wetu akiiona hiyo mizani atashangilia. Mwache.) Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza, IBEA, ikatoa zake kwa ajili ya Mombasa: pesa 64 kwa rupia moja, hesabu ileile ya India.

Eldoret nayo ilianza kwa kuitwa 64, namba ya shamba, na wenyeji wakaitamka Sisibo. Hiyo ni sadfa tu. Ila 64 ya sarafu ina sababu yake: rupia iligawanywa ana 16, na kila ana ikagawanywa paisa 4, na hiyo paisa ndiyo pesa yetu. Paisa basi ni robo ya ana. Katika Kisanskriti, pada ni mguu, na pia ni robo, kwa kuwa mnyama ana miguu minne. Wataalamu wengi hulitoa neno paisa huko: sehemu ya robo.

Wasemaji wa Kihindi na wa Kimarathi husema paisa. Mgujarati husema paiso ikiwa moja, paisa zikiwa nyingi. Mbengali husema poisha. Thamani ndiyo ya kuangalia: India, tangu 1957, paisa 100 ni rupia moja, Bangladesh, poisha 100 ni taka moja, Oman huitwa baisa, na rial moja ina baisa 1,000. Ndugu yako aliye Muscat akikwambia nauli ni baisa 500, ni nusu rial, usimwonee huruma.

Kwetu senti zilichukua nafasi ya pesa mwanzoni mwa karne iliyopita, na rupia yenyewe ikaondolewa mwaka 1920. Sarafu ilikufa, jina likabaki bila kazi, likapewa kubwa zaidi: fedha yoyote ile. Hata Kihindi kinalitumia hivyo.

Ukitaka kuendelea, kamusi linganishi ya lugha hizo za Bara Hindi, ya R. L. Turner, ipo kwenye intaneti bila malipo, katika tovuti ya Chuo Kikuu cha Chicago. Jaribu gari na dobi. Au anza na jepesi, laki: Kisanskriti ni laksha, Kihindi ni lakh, na kote ni 100,000, iwe ni bei ya nyumba Ahmedabad au ya ng'ombe wa maziwa hapa Uasin Gishu.