Kababu za Ndengu Bila Nyama Wala Yai: Somo la Jikoni kwa Wakazi wa Kyumbi

Anayetoka Nairobi kwa Barabara ya Mombasa na kukata kushoto kwenda mji wa Machakos hupita Kyumbi. Sokoni hapo, kama ilivyo katika masoko mengine ya kaunti yetu, ndengu huuzwa kwa gorogoro mwaka mzima. Ni zao letu. Hukomaa kwa miezi miwili hadi mitatu, na kwa sababu hiyo huweza kumpa mkulima mavuno hata pale mvua inapokatika mapema na mahindi kukauka shambani. Watafiti wa KALRO Katumani, hapa hapa Machakos, wamefanya kazi kwa miaka mingi kutafuta mbegu zinazofaa maeneo makavu kama yetu, na ndengu ni miongoni mwa mazao hayo.

Hata hivyo, katika nyumba nyingi ndengu ni mali ya kuuzwa. Baada ya mavuno gunia huondoka, pesa hutumika, na wiki chache baadaye familia hiyo hiyo inatafuta pesa za nyama na mayai. Ndengu chache zinazobaki hupikwa kwa njia moja tu, mchuzi, hadi watoto wanazichoka. Somo hili linafundisha njia ya pili: kababu za ndengu zisizo na nyama, yai wala maziwa. Zinamfaa asiyekula nyama, anayefunga, aliyekatazwa mayai, na yule ambaye mfuko wake leo haufiki buchani.

NGUVU ILIYO KATIKA NDENGU

Gramu 100 za ndengu kavu zina takriban gramu 24 za protini. Kamande, zile punje ndogo bapa, zina kiasi kama hicho. Mapishi ya leo yanatumia gramu 400 za ndengu kavu na kutoa kababu 16. Kila kababu basi ina takriban gramu 6 za protini kutoka kwa ndengu, kiasi kinachokaribia kile cha yai moja.

Protini ya ndengu peke yake ina upungufu wa kiungo kimoja ambacho nafaka zinacho kwa wingi, na nafaka nazo hupungukiwa na kile ambacho ndengu zinacho. Vikiliwa pamoja, kimoja humkamilisha mwenzake. Wazee wetu walilijua jambo hili kwa vitendo, ndiyo maana isyo huchanganya mahindi na maharagwe. Kwa hiyo kula kababu hizi kwa ugali, chapati au wali.

Ndengu pia zina madini ya chuma, lakini chuma kinachotoka kwa mimea huingia mwilini kwa shida kidogo. Vitamini C hukisaidia kuingia, kwa hivyo usikose kachumbari yenye nyanya na limau. Chai hukizuia. Ngoja kama saa moja baada ya kula ndipo unywe chai.

VITU VINAVYOHITAJIKA

- Ndengu kavu vikombe 2 (takriban gramu 400)
- Viazi 3 vya wastani
- Kitunguu maji 1 kikubwa
- Karoti 1, iliyokwaruzwa na kukamuliwa maji
- Punje 3 za kitunguu saumu na kipande kidogo cha tangawizi, vilivyopondwa
- Dania mkono mmoja, iliyokatwakatwa
- Pilipili kwa upendavyo
- Bizari ya pilau iliyosagwa, kijiko 1 cha chai
- Chumvi kijiko 1 cha chai
- Unga wa ngano vijiko 4 vya mezani
- Mafuta ya kupikia

Gorogoro moja, yaani kilo 2 hivi, inatosha kwa mapishi matano ya namna hii.

HATUA KWA HATUA

1. Chambua. Tandaza ndengu kwenye sinia mahali penye mwanga. Toa mawe, punje zilizotobolewa na fukusi, na kila punje yenye ukungu. Usiseme ukungu utaisha ukipikwa. Sumu kuvu haiondolewi na maji yanayochemka wala mafuta ya moto. Mwaka wa 2004 sumu hii katika mahindi iliwapata watu 317 na kuua 125, wengi wao wakiwa Makueni na Kitui, na wengine hapa Machakos. Ghala lenye unyevu huharibu nafaka za kila aina.

2. Loweka. Osha ndengu, kisha ziloweke kwa maji mengi safi kwa saa nne au zaidi. Ukiziloweka usiku, asubuhi mwaga maji hayo na uzisuuze. Kuloweka huokoa kuni, makaa au gesi, kwa sababu ndengu zilizolowa huiva haraka.

3. Chemsha kiasi. Pika kwa maji mapya dakika 20 hadi 30. Bana punje kati ya vidole: ikipondeka kwa urahisi lakini bado ina umbo lake, epua mara moja. Zikivurugika na kuwa uji umechelewa. Hizo zifanye mchuzi. Usitie magadi. Ndengu hazihitaji magadi ili ziive, nayo huharibu baadhi ya vitamini B.

4. Chuja na ukaushe. Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu. Chuja ndengu, weka kikombe kimoja cha maji yake kando, kisha zitandaze kwenye sinia kwa dakika 20 ili mvuke utoke. Fanya hivyo hivyo kwa viazi: vichemshe, mwaga maji, virudishe kwenye sufuria tupu juu ya moto mdogo kwa dakika moja ili vikauke, ndipo uviponde.

5. Kaanga kitunguu. Kikatekate kidogo kidogo, kikaange kwa kijiko kimoja cha mafuta hadi kiwe cha kahawia. Tia saumu, tangawizi na bizari, koroga kidogo, epua. Kitunguu kibichi hutoa maji ndani ya mchanganyiko na kuulegeza.

6. Ponda. Tumia kinu, mwiko au chupa safi. Ponda theluthi mbili ya ndengu hadi zilainike, na theluthi moja uiache na punje nusu nusu, ili kababu iwe na kitu cha kutafuna. Ukitumia mashine ya kusagia, usiongeze maji.

7. Changanya. Weka ndengu, viazi, kitunguu, karoti, dania, pilipili, chumvi na unga katika bakuli moja. Kanda kwa mkono safi hadi vishikane. Funika, uache mahali penye baridi kwa dakika 30 ili unga unyonye unyevu uliobaki.

8. Jaribu moja. Kabla ya kuumba zote, kaanga kababu moja ndogo. Ikivunjika, ongeza kijiko kimoja cha unga. Ikipasuka kandokando kwa ukavu, ongeza kijiko kimoja cha yale maji ya ndengu. Onja chumvi pia. Ni bora kuharibu moja kuliko kumi na sita.

9. Umba na ukaange. Paka viganja mafuta kidogo. Gawa mchanganyiko sehemu 16, viringisha, kisha bonyeza kila moja iwe na unene wa kidole. Pasha vijiko vinne vya mafuta kwenye kikaango kwa moto wa wastani. Mafuta yakitoa moshi yamezidi moto. Weka kababu bila kuzisonganisha na usiziguse kwa dakika nne. Zikishafanya ganda la kahawia chini, zitaachia kikaango zenyewe. Geuza mara moja, ngoja dakika nne nyingine. Anayepunguza mafuta anaweza kuzichoma kwenye kikaango cha chapati kilichopakwa mafuta kidogo tu.

KWA NINI KABABU HUVUNJIKA?

Yai hushikanisha kababu kwa sababu protini yake huganda inapopata moto. Tusipotumia yai, kazi hiyo hufanywa na wanga wa viazi na unga. Wanga ukipata joto na unyevu mdogo hufura na kuwa kama gundi. Unyevu ukizidi, gundi hiyo huwa nyepesi na kababu hutawanyika mafutani. Kwa hiyo kababu zako zikivunjika, usikimbilie kuongeza yai. Jiulize kwanza: ndengu zilikauka? Viazi vilikauka? Karoti ilikamuliwa? Uliupa mchanganyiko muda wa kutulia? Uliigeuza kabla ya ganda kushika? Mara nyingi jibu liko hapo.

Si jambo geni kupika mikunde bila yai. Bajia za kunde za pwani yetu hutengenezwa kwa kunde zilizolowekwa na kusagwa, bila yai, na hushikana vizuri. Huko Nigeria nako kunde hufanyiwa vivyo hivyo na kuitwa akara.

UKITUMIA MIKUNDE MINGINE

Kamande hazihitaji kulowekwa, na nyingi huiva kwa dakika 20 hadi 30. Mbaazi, tuitazo nzuu, na kunde, yaani nthooko, pia zinafaa, ila mbaazi kavu ziloweke usiku kucha na uzichemshe hadi zilainike.

Maharagwe mekundu yana tahadhari yake. Yakiwa mabichi au nusu mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara. Loweka, mwaga maji, kisha yachemshe kwa moto mkali, maji yakitokota kwa nusu saa, na uendelee hadi yaive kabisa. Anayetumia kikapu cha kuivishia chakula bila moto asiyaweke humo kabla ya kuyatokosa hivyo, kwa kuwa joto dogo la muda mrefu haliondoi sumu hiyo.

KWA MTOTO, NA KWA ASIYEKULA NYAMA KABISA

Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kuanza kula ndengu zilizopondwa laini, bila pilipili wala chumvi, huku akiendelea kunyonya. Kababu yenyewe mpe akishaweza kutafuna, na uivunje vipande vidogo.

Mtu asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa hukosa vitamini B12, kwa maana ndengu na mboga hazina vitamini hiyo. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa katika pakiti uongezewe vitamini na madini. Unga unaosagiwa kwenye posho mill ya mtaani kwa kawaida hauongezewi. Mwenye mtindo huu wa kula, hasa mama mjamzito au anayenyonyesha, aulize mhudumu wa afya kuhusu vidonge vya B12.

KUHIFADHI NA KUUZA

Mchanganyiko mbichi usikae kwenye joto zaidi ya saa mbili. Kababu zilizoiva zikipoa, ziweke kwenye friji na uzile ndani ya siku mbili au tatu, ukizipasha moto hadi ndani kabisa. Asiye na friji apike za kutosha siku hiyo tu. Mafuta yaliyokuwa meusi au yenye harufu kali yatupwe.

Kyumbi ni njia panda, na abiria wenye njaa hawakosi. Ukitaka kuuza, anza na kibali cha biashara cha kaunti na cheti cha afya cha anayeshika chakula. Afisa wa afya ya umma atakuelekeza. Funika chakula kisiingie vumbi la barabara, tumia koleo badala ya mkono uliopokea pesa, na usifunge kababu kwa gazeti, kwa sababu wino wake huingia kwenye mafuta.

HESABU YA KUFANYA KABLA YA KUUZA GUNIA

Familia inayopika vikombe viwili vya ndengu mara moja kila wiki hutumia gramu 400. Kwa miezi sita, yaani wiki 26, ni kilo 10 na nusu hivi, takriban gorogoro tano. Katika gunia la kilo 90, hiyo ni chini ya sehemu moja kwa nane. Dalali akija, pima kwanza gorogoro hizo tano. Zianike hadi punje ikilia meno unapoiuma, zitie kwenye mtungi wa plastiki safi na mkavu hadi ujae, kisha ufunge kifuniko kwa nguvu ili fukusi wakose hewa. Zilizobaki ndizo za kuuza.