Kisigino, Hela ya Kikoba na Mashine ya Mawimbi

*Dada, mimi ni mama lishe hapa Buguruni, nina miaka 44. Huu ni mwaka wa pili kisigino cha kulia kinanitesa. Asubuhi nikishuka kitandani ni kama nimekanyaga msumari. Nikitembea kidogo kinapoa, lakini jioni, baada ya kusimama jikoni kutwa, kinarudi upya. Nimeshachomwa sindano mbili za kisigino. Kila moja ilinipa nafuu ya muda, kisha yakawa yaleyale. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umeota. Sasa shoga yangu kanitumia video ya mashine ya mawimbi, eti inauvunja huo mfupa bila kupasuliwa. Mwezi ujao navunja kikoba. Niipeleke hela huko? Na je, inauma? – Mama Lishe, Buguruni*

Pole sana, mdogo wangu. Nakujibu kwanza, maelezo yatafuata: hela ya kikoba mwezi ujao iache ilipo. Mashine hiyo ipo, ni ya kweli, na huenda siku moja ikakufaa. Ila barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta neno mazoezi, nikatafuta na neno viatu, sikuyaona. Umeruka ngazi za chini, na mashine iko ngazi ya juu.

Tuanze na kinachouma. Chini ya unyayo kuna ukano mpana unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kutawanyika hadi kwenye vidole. Ndio unaoshikilia upinde wa mguu. Ukisimama kutwa kwenye sakafu ngumu, ukano huo unavutwa palepale ulipojishika kisiginoni, na mwaka baada ya mwaka unachakaa. Usiku unapumzika na kujikaza. Asubuhi hatua ya kwanza inaunyoosha ghafla, ndipo unapolia. Inakadiriwa mtu mmoja kati ya kumi hupata maradhi haya katika maisha yake, na mara nyingi huwapata watu wa miaka 40 hadi 60, wenye kazi za kusimama, walioongezeka uzito, au wenye vigimbi vilivyokaza. Kwa hiyo nawe makonda, mlinzi na mwalimu wa darasa la kwanza, soma usiruke.

Na huo mfupa ulioota? Usikunyime usingizi. Wapo watu wengi wenye mfupa huo ambao hawajawahi kuumwa hata siku moja, na wapo wanaochechemea ambao picha zao ni safi kabisa. Anayekuuzia tiba kwa kukuonyesha mfupa kwenye eksirei anakuonyesha kitu ambacho huenda hakina kosa lolote.

Imani ya kuvunja mfupa imetoka mahali, wala si uzushi mtupu. Mawimbi haya ya mshtuko yaliingia hospitalini kwa kazi ya kuvunja mawe ya figo. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa mjini München, Ujerumani, Februari 1980, kwa mashine iliyotengenezwa na Dornier, kampuni ya ndege. Baadaye madaktari waliona mawimbi ya nguvu ndogo zaidi yanaweza kusaidia kano na mifupa, na mwaka 2000 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, iliidhinisha mashine ya kwanza ya aina hiyo kwa kisigino sugu. Kisiginoni hakuna kinachovunjwa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mawimbi huuamsha ukano uliochoka: damu huongezeka pale, mwili huanza tena kujitengeneza, na mishipa inayopeleka habari za maumivu hupunguza makelele.

Sasa ukienda, utakuta nini? Unalala kifudifudi, mguu umetokeza nje ya kitanda. Mtaalamu anabonyeza kisigino kwa kidole gumba mpaka useme "hapo hapo", anapaka jeli kama ile ya ultrasaundi, kisha anagandamiza kichwa cha mashine. Kwenye aina iliyoenea, kompresa ya hewa inasukuma kipande kidogo cha chuma ndani ya mkono wa mashine, kinagonga ncha, na mtikiso unaingia kupitia ngozi: ta-ta-ta-ta, mara kumi hivi kwa sekunde. Midundo 2,000 inaisha kwa dakika tatu na ushei. Kawaida ni vikao vitatu, kimoja kwa wiki, ingawa wengine huhitaji vitano. Hakuna kisu, hakuna kulazwa, unatoka kwa miguu yako.

Inauma? Ndiyo, mdogo wangu, nisikudanganye. Inauma wakati inagonga, hasa pale penye ugonjwa wenyewe. Mtaalamu mzuri huanza na nguvu ndogo na kupandisha taratibu huku akikuuliza. Usiombe ganzi, maana tafiti zimeonyesha ganzi ya pale pale hupunguza faida ya tiba. Baadaye unaweza kupata wekundu, uvimbe kidogo, michubuko au ganzi ya muda. Na nafuu haiji siku hiyohiyo kama video inavyodai. Matokeo hupimwa baada ya wiki 6 hadi 12.

Je, inaponya? Hapa ndipo nataka utege sikio. Mwaka 2008 daktari Ludger Gerdesmeyer na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 245 wenye kisigino sugu. Nusu walipata mawimbi ya kweli, nusu mashine ya bandia isiyopeleka chochote. Baada ya wiki 12, waliopata nafuu ya kuridhisha walikuwa 61 kwa mia upande wa mashine ya kweli, na 42 kwa mia upande wa bandia. Faida ipo, lakini tazama pande zote mbili. Karibu wanne kati ya kumi waliotibiwa kwa mashine ya kweli hawakufika kwenye nafuu hiyo, na wengi walipata nafuu bila mawimbi yoyote. Na mwaka 2009 taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, NICE, ilisema tiba hii haina hofu kubwa ya usalama, ila ushahidi wa manufaa yake unagongana. Tangu hapo tafiti zimeongezeka, na wataalamu wengi huitumia kwa mtu aliyeumwa miezi sita au zaidi na ambaye njia za kawaida zimeshindwa. Wewe miezi unayo. Njia za kawaida hujazijaribu.

Tuje basi kwenye ngazi za chini, maana wengi wa wagonjwa hawa hupona kwa njia hizo ndani ya mwaka.

La kwanza ni zoezi la kunyoosha ukano. Asubuhi, kabla unyayo haujagusa sakafu, kaa kitandani, uweke mguu unaouma juu ya goti la pili. Shika vidole vya mguu kwa mkono mmoja, uvivute kuelekea kwenye ugoko. Mkono wa pili upapase chini ya unyayo. Ukiusikia ukano umekaza, umepatia. Hesabu hadi kumi, achia, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na ile ya kabla ya kushuka kitandani usiikose.

La pili ni la kutia nguvu, lilijaribiwa na watafiti wa Denmark mwaka 2014. Kunja taulo, liweke ukingoni mwa ngazi, vidole vya mguu unaouma vikae juu ya taulo, kisigino kining'inie. Shika ukuta. Panda kwa vidole ukihesabu tatu, tulia ukihesabu mbili, shuka ukihesabu tatu. Anza na mara 12, siku moja fanya, siku ya pili pumzika. Mguu mmoja ukikushinda, anza na yote miwili. Litauma kidogo mwanzoni, lakini bandu bandu huisha gogo.

La tatu, kandambili zilizolika unazovaa jikoni, zitupe. Tafuta kiatu chenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo, hata cha mtumba, mradi kisiwe kimepinda. Weka kigoda karibu na jiko. Vitunguu na mchicha si lazima ukate umesimama.

Kuhusu sindano, ya tatu usiikimbilie bila kuzungumza vizuri na daktari. Kama zilikuwa za steroidi, zikirudiwarudiwa zinaweza kuudhoofisha ukano hadi ukakatika, na kupunguza mafuta yanayokinga kisigino. Nayo mashine ya mawimbi kwa kawaida haitumiki hadi zipite kama wiki sita tangu sindano.

Mashine hii haimfai mjamzito, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au mwenye tatizo la damu kuganda, mwenye maambukizi au uvimbe wa saratani mahali panapotibiwa, wala mtoto ambaye mifupa yake bado inakua. Na kama kisigino kimevimba na homa juu, kinauma hata umelala, kinakufa ganzi, au kilianza baada ya kuanguka, nenda kwa daktari sasa hivi. Mwenye kisukari naye asijitibu miguu nyumbani.

Kwa hiyo toa fedha kidogo, ukamwone mtaalamu wa fiziotherapia mara moja akakague unavyofanya mazoezi, nyingine ununulie viatu. Wiki ya 12 ikifika, jipime kwa zile hatua za kwanza za asubuhi. Zikiwa zimelainika, endelea hivyohivyo, na kikoba kanunulie friza ya biashara. Zikiuma vilevile, nenda kliniki yenye mashine na uwaulize: nani atanitibu na amesomea wapi, ni vikao vingapi, na nisipopata nafuu mtafanya nini? Wakikujibu vizuri, kubali, lakini ulipe kikao kwa kikao. Bei ya jumla ya vikao kumi kabla hujaguswa ikatae. Na mazoezi usiyaache, hata mawimbi yakianza.