Baba Mkubwa, Baba Mdogo na Mjomba: Kujifunza Kichina katika Nyumba ya Wenyeji Tianjin

Utangulizi

Makala haya yanaeleza jinsi kikundi cha wanafunzi wa Kiswahili kutoka vyuo mbalimbali vya Kenya kilivyojifunza Kichina kwa kuishi na familia za wenyeji katika mji wa Tianjin, kaskazini mwa Uchina. Hayakusudii kusimulia safari kwa ajili ya safari. Yanakusudia kuuliza swali moja: je, mwanafunzi mwenye Kiswahili kinywani analazimika kukifikia Kichina kwa kuzungukia Kiingereza?

Jina la Tianjin si geni kwa wanafunzi wa Kenya, kwani mnamo 2005 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius, ya kwanza barani Afrika, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Tianjin. Uhusiano wa lugha zenyewe ni wa zamani zaidi. Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Hata hivyo, vitabu tulivyovibeba mikobani vilifafanua Kichina kwa Kiingereza. Kila neno jipya lilitufikia likiwa limekwisha kuvishwa vazi la lugha ya tatu, nasi hatukuliona hilo kuwa tatizo hadi tulipoketi kwenye meza ya chakula ya watu.

Toni mezani

Kichina sanifu, kiitwacho Putonghua, kina toni nne, mbali na silabi hafifu zisizobeba toni. Kiswahili sanifu hakina toni. Kina mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na kiimbo ndicho kinachotenganisha taarifa na swali. Anayeuliza hupandisha sauti mwishoni. Mazoea hayo, ambayo hayana madhara yoyote Mombasa, humponza mtu Tianjin.

Jioni ya kwanza mwenzetu mmoja alitaka kuuliza kwa adabu iwapo kulikuwa na supu. Neno ni tāng, lenye toni ya kwanza, ya juu na tambarare. Kwa kuwa alikuwa akiuliza, alipandisha sauti, na tāng ikageuka táng, yenye toni ya pili, yaani sukari. Bibi wa nyumba hakucheka. Aliinuka, akaleta bakuli la sukari, na mwenzetu, kwa kuchelea kumvunjia heshima, akainyunyiza juu ya wali na kuula wote.

Kesho yake tulimsikia babu akilitamka neno lilo hilo, tāng, kwa sauti ya chini kabisa. Katika lahaja ya Tianjin toni ya kwanza iko chini, ilhali mwalimu alikuwa ametufunza kuwa iko juu. Hakuna aliyekosea. Mwanafunzi aliyepasi mtihani wa Kiswahili sanifu, kisha akashukia Lamu au Vanga na kukutana na Kiamu au Kivumba, anaijua hali hii. Nilibaini pia kwamba wenzetu ambao lugha yao ya kwanza ni Kijaluo au Kikuyu, lugha zenye toni, walizisikia tofauti hizo mapema kuliko sisi wa pwani, ingawa sina ushahidi zaidi ya masikio yangu.

Majina ya jamaa

Somo kubwa zaidi lilitoka katika kuitana. Kitabu kilitufunza kuwa shūshu ni lile neno la Kiingereza lililotuzalia "anko". Nilimwita hivyo kila mwanamume aliyepita umri wangu. Siku moja alikuja mgeni, ndugu ya babu, akiwa na mwanawe wa makamo. Nilipofungua kinywa, bibi alinikatiza. Alichukua kalamu, akachora mti wa ukoo nyuma ya kalenda, na kuanza kutaja: bóbo ni kaka wa baba aliyemtangulia kuzaliwa, shūshu ni mdogo wake, jiùjiu ni ndugu wa kiume wa mama, gūgu ni dada wa baba, yí ni dada wa mama.

Nilimwangalia nikiona aibu, si kwa ugumu wa maneno bali kwa wepesi wake. Bóbo ni baba mkubwa. Shūshu ni baba mdogo. Jiùjiu ni mjomba, gūgu ni shangazi, na yí ni mama mkubwa au mdogo kulingana na kuzaliwa kwake. Maneno haya niliyajua kabla sijajua kusoma. Kiingereza kilikuwa kimewatia baba mkubwa, baba mdogo na mjomba katika kapu moja, nami nikatumia muhula mzima kuhangaika kuwatoa.

Mtoto wa nyumba, msichana wa miaka kumi, alikuwa akitusikiliza. Wazazi wake wote wawili walizaliwa miaka ya 1980, chini ya sera ya mtoto mmoja, ambayo uamuzi wa kuiondoa ulitangazwa mwaka 2015, na kila mmoja wao hana ndugu. Kwa hiyo binti huyu hana bóbo wala shūshu wa damu. Hana jiùjiu, hana gūgu, hana yí. Maneno anayajua. Huwaita marafiki wa baba yake shūshu, na wanawake wa rika la mama yake āyí. Lakini mti aliouchora bibi, kwa upande wake yeye, ulikuwa shina tupu. Nilipomwambia kwamba nina baba wadogo wanne, alihesabu kwa vidole, kisha akaniuliza kama nyumba yetu inatutosha.

Nilijibu kuwa inatosha. Sikumwambia kwamba binamu zangu wa Nairobi, wa rika lake hasa, wana wajomba, shangazi na baba wadogo tele, ila hawana majina ya kuwaitia. Kwao wote ni anko na anti.

Nje ya nyumba mambo yalikuwa na sura nyingine. Mwenzetu mmoja alimwita muuzaji dukani xiǎojie, yaani bi mdogo, kama kilivyoelekeza kitabu chake cha zamani. Neno hilo limechafuka katika matumizi ya kaskazini, na mama mwenyeji alimshika mkono upesi. Alimwambia aseme jiějie, dada mkubwa. Watu wa Tianjin humwita hivyo takriban kila mwanamke, awe na miaka ishirini au sitini, na atafurahi.

Vihesabio na ngeli

Kuhusu sarufi nitasema machache. Kichina hakikuruhusu kusema "samaki wawili" moja kwa moja. Sharti utie kihesabio kati ya idadi na nomino. Tiáo hutumika kwa vitu virefu kama samaki, mto, barabara na suruali. Zhāng kwa vyenye uso bapa kama karatasi, meza na kitanda. Bǎ kwa vinavyoshikika kwa mkono kama kisu, mwavuli na hata kiti. Baadhi ya wenzangu walitaka kuviita ngeli. Siafiki. Ngeli huitawala sentensi nzima kwa upatanisho wa kisarufi, ilhali kihesabio hukaa mahali pake na kunyamaza. Kilicho karibu zaidi nacho ni maneno kama punje ya mahindi au chane ya ndizi, japo Kiswahili hakitulazimishi kuyatumia.

Daftari la safu tatu

Tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Dou Dou na Mama Wakwe Zake, ilionyeshwa Tanzania mwaka 2011, na watazamaji waliwafuata wakwe wa Beijing bila kupitia kwa mkalimani wa tatu. Tangu turudi, nasi tumekuwa tukiandika daftari la safu tatu: neno la Kichina, neno la Kiswahili na maelezo kwa Kiswahili. Safu ya wajomba na shangazi ilijaa kwa jioni moja. Tumekwama kwenye wifi. Kichina kina neno la mke wa kaka, jingine la mke wa mdogo wa kiume, na mengine ya dada wa mume kwa kutegemea nani alizaliwa kwanza. Hakuna hata moja ambalo wanawake wawili wanaweza kuitana kwa zamu, kama wifi na wifi yake. Tulimwandikia mama mwenyeji kumuuliza. Alijibu kwamba amemuuliza bibi, na bibi bado anafikiri.