Soga, Porojo na Gumzo: Visawe na Matumizi Yake ya Kila Siku

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anapoulizwa kisawe cha neno soga, aghalabu hujibu porojo au gumzo, na mwalimu humpa alama. Jibu hilo lina msingi, kwani maneno yote matatu hutaja mazungumzo mepesi, ya haraka, yasiyofungwa na ajenda. Hata hivyo, fundi cherehani wa Lemara anayeambiwa na mteja wake "usiniletee porojo" anaelewa mara moja kwamba hakualikwa kupiga soga. Makala haya yanachunguza kinachotenganisha kauli hizo mbili. Hoja yake kuu ni kwamba maneno haya hayatofautiani sana katika kinachotajwa, bali katika hukumu ambayo msemaji huipitisha juu ya maneno ya mwenzake. Na hukumu hiyo huonekana katika sarufi, hususan katika uteuzi wa kitenzi.

Lemara ni kata ya Jiji la Arusha. Katika eneo hilo la Mlima Meru, Kiswahili hukutana na Kiarusha, ambacho ni lahaja ya Kimaasai, na Kimeru, lugha ya Kibantu iliyo jamaa ya karibu ya Kichaga. Kwa waliokulia katika lugha hizo za nyumbani, Kiswahili kimekuwa kwa muda mrefu lugha ya soko, stendi na ofisi, yaani lugha ya kushughulika na asiye jamaa. Jambo hili litarejelewa katika sehemu ya 4.0. Mifano inayotolewa ni ya usemi wa kawaida, nayo hueleweka kote Tanzania Bara.

2.0 Mipaka ya uwanja

Uwanja unaochunguzwa una nomino soga, porojo, gumzo, domo na stori. Hii ya mwisho ni mkopo kutoka Kiingereza uliokwishazoeleka. Umbea, usengenyaji na udaku vimeachwa nje, kwa kuwa maana yake hudai mtu wa tatu anayesemwa. Soga haimhitaji mtu huyo: watu wanaweza kupiga soga juu ya mvua tu.

Vitenzi ropoka, payuka na bwabwaja navyo vimewekwa kando, maana vyenyewe huhusu namna ya kusema. Anayeropoka hutoa neno kabla ya kulipima. Anayebwabwaja hutoa mengi yasiyo na maana. Ikumbukwe pia kwamba kasi peke yake si kosa. Husemwa kwamba mtu "anaongea kama cherehani" au kwamba yeye ni chiriku, na kauli hizo zaweza kuwa za utani tu. Mpiga debe wa stendi humimina maneno kwa kasi kuliko mtu yeyote, lakini abiria hawaiti kazi yake porojo maadamu basi analolinadi lipo na linakwenda anakosema.

3.0 Majaribio matatu

Katika mifano ifuatayo, alama ya nyota huonyesha tungo isiyokubalika, na alama ya kuuliza tungo yenye mashaka.

3.1 Kitenzi piga

(1) a. Walikaa kijiweni wakipiga soga / porojo / gumzo / domo / stori.
b. Mgombea alipiga porojo jukwaani.
c. ?Mgombea alipiga soga jukwaani.

Mfano (1a) unathibitisha kwamba nomino zote ni za ukoo mmoja. Mifano (1b) na (1c) inaanza kuzitenga: soga hudai kupokezana, ilhali porojo huweza kutoka kinywani mwa mtu mmoja huku wengine wakisikiliza tu.

3.2 Uarifishaji

(2) a. Maelezo yako ni porojo.
b. ?Maelezo yako ni soga.
c. Maelezo yako yamekuwa gumzo.

Porojo huweza kuarifisha kauli, na maana yake huwa kwamba kauli hiyo haina ukweli au uzito. Gumzo nayo huhamia maana nyingine kabisa: jambo linalozungumzwa na watu wengi. Hivyo (2a) inayadharau maelezo, na (2c) inasema tu kwamba yameenea. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba maneno haya ni sawa atapotea hapa. Tofauti hii huonekana hata katika makatazo: "acha soga" humlaumu mtu kwa kupoteza wakati, "acha porojo" humlaumu kwa anachokisema.

3.3 Kitenzi leta katika kauli ya kutendea

(3) a. Usiniletee porojo.
b. Usiniletee stori.
c. *Usiniletee soga.
d. *Usiniletee gumzo.

Jaribio hili ndilo lenye uzito zaidi. Kwa kitenzi piga, maneno ni shughuli ya pamoja. Kwa leta, maneno ni kitu kinachokabidhiwa badala ya kitu kingine kilichostahili kuletwa. Turudi kwa fundi cherehani. Aliahidi suti siku ya Ijumaa. Ijumaa imefika, naye anaeleza habari za umeme kukatika. Mteja anaposema (3a) au (3b), hadai kwamba fundi ni mwongo. Anadai kwamba palipotakiwa suti yamewekwa maneno.

Neno stori linathibitisha hoja. Katika "tulikuwa tunapiga stori" halina lawama hata kidogo, tena ndilo linalochukua nafasi ya soga katika usemi wa vijana. Katika (3b) ni shutuma. Nomino ni ileile. Kilichobadilika ni kitenzi. Basi si sahihi kusema kwamba ubaya umo ndani ya neno peke yake. Soga na gumzo hukataa muundo huu kwa sababu haviwezi kukabidhiwa: haviko mpaka wawili waketi pamoja.

4.0 Nani huitwa mpiga porojo?

Muundo wa (3) hupokea nomino moja zaidi isiyotarajiwa:

(4) Usiniletee Kiswahili.

Hapa jina la lugha limekuwa jina la maneno laini yanayokwepa wajibu. Matumizi haya, yanayokaribiana na maana ya uswahili kama ujanja, hayakuanzia Lemara. Lakini ni rahisi kuona kwa nini yanaeleweka vyema mahali ambapo lugha ya jamaa ni moja na lugha ya mapatano ni nyingine. Lugha inayotumika kuahidi ndiyo hubeba lawama ya ahadi zisizotimizwa.

Athari zake si za kinadharia tu. Katika mkutano wa mtaa, mama mmoja anaweza kusimama na kuuliza kwa haraka, kwa maneno mengi, kwa nini bomba halitoi maji. Mwenyekiti akijibu "tuache porojo, tuendelee na ajenda", hakuna aliyethibitisha kwamba swali lilikuwa tupu, na hata hivyo limeondolewa mezani. Methali "debe tupu haliachi kuvuma" mara nyingi hutumiwa kwa njia hiyohiyo: wingi wa maneno huchukuliwa kuwa ushahidi wa utupu wake. Neno porojo linapotamkwa na mwenye mamlaka huamua kipi ni hoja na kipi si hoja. Soga haina uwezo huo.

5.0 Hitimisho

Utamaduni wa kamusi za Kiswahili za lugha moja umekua sana tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilipotoka mwaka 1981 hadi Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015. Hata hivyo, kufafanua neno kwa kisawe chake pekee, kana kwamba soga ni porojo na porojo ni soga, humzungusha msomaji palepale. Inapendekezwa kwamba vitomeo vya uwanja huu vionyeshe mambo matatu: kama neno hudai kupokezana, kama huweza kuarifisha kauli ya mtu, na kama huandamana na piga peke yake au pia na leta. Kwa mfano:

soga: mazungumzo mepesi ya watu wawili au zaidi ya kupitisha wakati, hupigwa.
porojo: 1. mazungumzo mepesi, hupigwa. 2. maneno ambayo msemaji huyaona hayana ukweli au uzito, huletwa.
gumzo: 1. mazungumzo ya kupitisha wakati, hupigwa. 2. jambo linalozungumzwa na wengi.

Mwalimu naye hana haja ya kumnyima alama mwanafunzi aliyetaja porojo kuwa kisawe cha soga. Amwulize swali la pili: ni nani anayelisema, na anamwambia nani?