Somo: Diski Moja Inapoharibika

Seva inayotunza daftari za ubatizo na hesabu za miradi katika diski kadhaa kwa mpango wa RAID 5 huendelea kufanya kazi diski moja ikifa. Ya pili ikifa kabla ya ile kubadilishwa, yote hupotea. Hivyo:

1. Taa ya onyo ikiwaka, msichomoe kitu. Kwanza hifadhini nakala mahali pengine.
2. Hakikisheni namba ya diski mbovu. Kuchomoa nzima kwa makosa ni hasara.
3. Wekeni mpya, yenye ukubwa uleule au zaidi. Kuijaza upya huchukua saa nyingi, na diski zilizochakaa huelemewa.

RAID haichukui nafasi ya nakala. Diski ya akiba iingie kwenye bajeti mapema.